Hodi ya Mguu wa Kushoto

Mkono haurushi mpira. Nimelisema hilo uwanjani miaka nenda miaka rudi, hadi wanafunzi wananiigiza nikigeuka. Wanabana pua na kusema, "Mkono haurushi, jamani, mnanisikia?" Waigize tu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari hapa Karatu, nafundisha besiboli, mchezo ambao wazazi wengi wanauita "ule wa rungu", na kila mwaka naanza na watoto wanaosimama wima kama nguzo za umeme na kutupa mpira kwa bega peke yake. Nawauliza: nani hapa hajawahi kushika jembe? Hakuna anayenyoosha mkono. Haya, ukilima kwa mikono peke yake bila kiuno, ikifika saa nne asubuhi si umekwisha? Basi na kurusha ni hivyo hivyo.

Nguvu inaanzia mguu wa nyuma, ule wa kulia kwa anayetumia kulia. Mguu huo unasukuma ardhi. Wa kushoto unatoka, unatua kuelekea kule unakotaka mpira uende, na ukishatua unakaza, goti halilegei. Hapo nyonga inageuka kabla ya bega. Hilo ndilo linalowashinda wengi. Nyonga iwe imeshafika, bega liwe bado nyuma, mwili ujinyonge katikati kama blanketi lililolowa linalokamuliwa na watu wawili. Blanketi likiachiwa, bega linafuata, kiwiko kikiwa juu sawa na bega, kiganja kinakuja mwisho kabisa, na mpira unatoka kwenye ncha za vidole. Yote hayo yanafanyika jicho halijapepesa. Ukikatisha mahali popote, hata kidogo, nguvu inafia pale pale, na mkono unabaki kufanya kazi ya mwili mzima. Bega la namna hiyo halichukui muda kuharibika.

Naeleza haya ili ieleweke kwa nini nilishtuka siku nilipomwona binti yangu anapiga mguu.

Alikuwa ndiyo kwanza ameingia timu ya shule. Nilimweka katikati ya besi ya pili na ya tatu, yaani vituo vya wakimbiaji, mahali ambapo mpira ukija lazima uudake na kuurusha besi ya kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Mpira ulikuja chini chini, akaudaka vizuri. Akainuka vizuri. Bega la kushoto likaelekea kunakotakiwa, mguu wa kushoto ukatoka. Halafu ukagonga ardhi mara mbili. Pa-pa. Mguu mzima, kisigino na vidole, kama mtu anayejaribu daraja bovu. Ndipo akarusha. Mkimbiaji alikuwa ameshafika zamani, anajikung'uta vumbi.

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, na hasira pia haikuja. Kilichonipata ni baridi ya mgongo, saa tisa alasiri, jua linawaka. Mguu ule niliujua. Ulikuwa wa baba yake, na baba yake alifariki kabla huyu mtoto hajazaliwa.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi si wa huku. Kwetu ni Kilimanjaro, na mchezo huu niliupata chuo cha ualimu kwa mkufunzi mmoja mwenye glavu mbovu na shauku ya kichaa. Kazi nilianzia Qurus, humu humu wilayani Karatu. Siku moja ya mapumziko nikaenda kumtembelea mwalimu mwenzangu huko juu, mashamba yanakogusana na msitu wa Ngorongoro, na njiani nikamwona kijana amesimama kwenye ukingo wa shamba la mahindi, anafukuza nyani kwa mawe. Jamani! Sijawahi kuona mkono kama ule. Jiwe lilipita juu ya mahindi likilia, likampata nyani wa mwisho kwenye matako, na nyani akageuka kumtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Nilicheka barabarani peke yangu hadi kijana akanisikia. Mengine ni ya ndoa, hayawahusu.

Mpira nilimtia mkononi hata kabla ya kuvishana pete. Alikuwa dereva wa magari ya watalii, na Jumamosi asizokuwa safarini alicheza na sisi walimu. Nguvu alikuwa nayo ya kutisha. Ila kila mara, kabla ya kurusha, mguu wa kushoto: pa-pa. Nilijaribu kumtoa kwenye tabia hiyo nikachoka. Nikimuuliza, "Wewe mwanaume, unabisha hodi kwa nani?" ananijibu bila hata kutabasamu, "Kwa aliyemo." Nikamwambia aliyemo ni mimi mkeo na nina haraka zangu. Hapo alicheka.

Baadaye alinieleza. Kwao, alisema, mtu hatupi jiwe ndani ya mahindi kabla ya kupiga mguu mara mbili. Mama yake ndiye aliyemfundisha. Miezi ya ukungu shambani huoni hata kiganja chako, unasikia tu mabua yanavunjika. Ukipiga mguu, nyani watabweka na kukimbia, nguruwe pori atakoroma na kukimbia, na wewe unarusha kufuata kelele. Lakini ukipiga mguu na mahindi yakanyamaza ghafla, shusha jiwe lako taratibu, urudi nyumbani kinyumenyume. Aliyenyamaza si wa kufukuzwa.

"Ni nani huyo?" nilimuuliza.

"Mbogo." Kisha akaongeza, "Au mwingine."

Nikamwambia aache kunitisha. Sijui kama hiyo ni desturi ya Wairaqw wote au ya nyumba ile tu. Baadhi ya niliowauliza hapa mjini walinishangaa, mmoja akaniambia ndoa imeniingia vibaya.

Alifariki kwenye ukungu huo huo, ila si shambani. Gari lake liliacha njia kule juu ukingoni mwa kreta, asubuhi, akiwa peke yake anakwenda kuchukua wageni. Nilikuwa mjamzito, tumbo halijaanza hata kuonekana. Usiku mzima nilikuwa nimetapika, nikapitiwa na usingizi alfajiri, na yeye akaondoka kwa kunyata asiniamshe. Watu walisema ni mapenzi. Mimi nilimkasirikia, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo. Mtu unaagwa bwana, hata kama umelala. Tulimzika kwa mama yake, juu kidogo ya shamba lile, tukamjengea kwa saruji na vigae. Enzi hizo simu zetu zilikuwa vitochi, hatuna hata kipande cha video. Hapakuwa na mahali popote ambapo mtoto angeweza kumwona baba yake akirusha.

Baada ya mazoezi nilimvuta binti yangu pembeni.

"Nani amekufundisha kupiga mguu?"

"Mguu gani?"

"Usinijibu kwa swali. Huo wa kushoto."

Akautazama kama ameoneshwa kitu cha mtu mwingine. "Sijui, mama. Nikitaka kurusha, unapiga."

Nikajiambia huyu ni bibi yake tu. Kila likizo mtoto huenda kwa bibi kulinda mahindi, na bibi wa namna ile hawezi kukaa bila kufundisha. Jumapili baada ya ibada nikapanda bodaboda hadi kwa mama mkwe. Nilimkuta kibarazani, kwenye kiti chake, blanketi magotini. Mama mkwe alipata kiharusi muda mfupi baada ya msiba wa mwanawe. Upande wa kushoto wote umelala, anatembea kwa kushikwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, tukala makande, tukazungumzia mvua. Ndipo nikamuuliza.

"Mama, wewe ndiye umemfundisha mjukuu wako kupiga mguu?"

"Kwa mguu upi, mwalimu?" Akaugonga ule uliolala kwa mkono wake mzima. Miaka yote hii hajaniita mkwe hata siku moja, mimi kwake ni mwalimu.

"Basi ulimweleza kwa mdomo."

"Sikumweleza kitu. Likizo iliyopita nilipomwona anapiga, nilidhani umemfundisha wewe. Nikasema moyoni, mwalimu ana roho nzuri, hajamsahau mwanangu."

Tukatazamana. Kisha sote wawili tukageuza macho kuelekea shambani, nami sikupenda tulivyogeuka kwa pamoja.

Nikajikaza. Nikamwambia nimeamua kumtoa kwenye tabia hiyo, kwa sababu mkoa unachagua timu, na mtoto anaitaka nafasi ile kuliko chakula. Hiyo ilikuwa kweli tupu. Alilala na glavu chini ya mto. Alikuwa akiniambia, "Mama, nikichaguliwa nitavuka Arusha, nitaona mikoa mingine," na macho yanamng'aa hadi naona huruma. Na mguu ule ungemkosesha. Ukigonga mara mbili, uzito wote unafia kwenye unyayo wa mbele, nyonga inalala, mkono unabeba kila kitu. Tayari alikuwa ameanza kushika bega lake akidhani simwoni.

"Mwache," mama mkwe akasema. "Haraka haraka haina baraka."

Haki ya Mungu, methali hiyo naichukia tangu nianze kazi. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba kwenye besiboli haraka ndiyo baraka yenyewe. Akatikisa kichwa, akavuta blanketi lake.

"Sawa, ni mtoto wako. Lakini ukiutoa kwake, utakwenda wapi?"

Nikaaga, nikaita bodaboda. Nilidhani ni uzee unasema.

Samaki mkunje angali mbichi, tukaanza. Kila asubuhi kabla ya kengele tulikuwa uwanjani, mimi na yeye, pumzi zetu zinafuka kwa baridi. Kwanza nilimrushisha akiwa amepiga magoti, ili ajue bega linamfuata nani. Halafu akiwa anatembea, maana mtu anayetembea hawezi kugonga mguu mara mbili bila kujikwaa. Mwisho nikamvika ndala mguu wa kushoto. Ndala haina siri: ukigonga mara moja inalia mara moja, ukigonga mara mbili inalia mara mbili. Nilifumba macho nisikilize. Pwa-pwa. Rudia. Pwa-pwa. Rudia! Kuna siku alilia, kuna siku nilimfokea hadi nikajionea aibu, tukaenda kunywa chai mgahawani bila kusemezana.

Asubuhi moja ndala ililia mara moja tu. Pwa. Na mpira ukanifikia kwenye glavu mpaka kiganja kikawaka moto. Tulirudia, ikawa mara moja tena. Mguu umetua, nyonga imekwenda, bega limefuata, mpira umeshafika. Nilipiga vigelegele peke yangu kama niko harusini. Mtoto akarukaruka. Mlinzi wa shule, Mmasai wa Endulen, alikuwa ametoka kwenye kibanda chake kututazama, naye akamwinulia rungu lake kumpongeza.

Kisha akaniuliza, "Mwalimu, na yule mwingine naye anaingia timu?"

"Yupi?"

"Huyo anayepiga mguu hapo nyuma ya madarasa."

Nikatazama. Nyuma ya madarasa pana ukuta na mashina ya kabichi ya klabu ya kilimo. Nikamwambia hakuna mtu. Akasema sawa, mwalimu. Lakini hakurudi kibandani mpaka tulipomaliza kukusanya mipira tukaondoka.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alituita. Aliyekuwa akimlindia shamba ameacha kazi, nyani wanamaliza mahindi. Tukapanda mimi na binti yangu. Ulikuwa ule ukungu wa kipupwe, mzito, unaoshuka kutoka msituni na kukaa. Tulipofika saa mbili na nusu hivi, nyumba tuliiona tulipokaribia kuigonga. Mama mkwe alikuwa kibarazani kwake. Tukamwamkia, binti yangu akaokota mawe yake, tukateremka, tukapita kaburi, tukasimama juu ya shamba. Yeye mbele, mimi nyuma yake kidogo.

Mabua yalikuwa yanavunjika. Ka. Ka. Karibu.

Nilichokiona mimi ni mgongo wa mtoto wangu tu, sweta la kijivu la shule ndani ya ukungu wa kijivu. Na niseme ukweli, sikuwa nawaza shamba. Ualimu ni ugonjwa. Nilikuwa natazama kiwiko chake, nikaona kiko juu sawasawa. Nikaona mguu wa kulia umeshika, bega la kushoto limefunga, nyonga inaanza kwenda. Mguu wa kushoto ukainuka. Ungetua mara moja, na jiwe lingekuwa limeshaondoka.

Pa-pa.

Haikutoka mbele yangu. Ilitoka upande wetu wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ni mguu mzima, kisigino na vidole, kwenye udongo uliolowa.

Mahindi yakanyamaza. Yote kwa mara moja. Hakuna bua lililovunjika, hakuna jani, hata ndege sikuwasikia tena. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi asubuhi ile nilikisikia kimya hicho kinapumua.

Binti yangu alibaki vile vile, mkono nyuma, mwili umejinyonga, blanketi halijaachiwa. Kuzuia mrusho uliokwisha kuanza ni kazi ngumu kuliko kurusha, wanaojua wanajua. Aliuzuia. Akashusha jiwe taratibu hadi kwenye nyasi, akaanza kurudi kinyumenyume. Mimi sikuwahi kumsimulia habari ya kurudi kinyumenyume, wallahi. Mgongo wake ulipogusa kifua changu nilimkamata sweta, tukapanda hivyo hivyo wote wawili, visigino vinapapasa mteremko.

Ukungu ukapasuka kidogo. Kati ya mahindi, karibu kama jiko lilivyo karibu na sebule, tukaziona pembe. Kisha paji la uso. Kisha pua inayong'aa kwa maji. Ni mbogo dume, yuko peke yake, mmoja wa wale waliotengwa na kundi, ambao hawana cha kupoteza. Alikuwa anatutazama. Jiwe lile lingempata usoni, na binti yangu angekuwa wa kwanza kufikiwa. Nilijua hilo kwa ukamilifu.

Halafu mbogo akaacha kututazama. Akageuza kichwa taratibu upande wa kushoto, kule kulikotoka mguu, akatazama pale kwa muda mrefu, masikio mbele, kama mnyama anayesemeshwa na mtu anayemjua. Kisha akajigeuza, akateremka kuelekea msituni. Hakukimbia. Tulimsikia akivunja mahindi yetu mpaka mwisho wa shamba.

"Ulipiga mguu?" nilimnong'oneza.

"Hapana. Nilidhani ni wewe."

Tukasikia sauti ya mama mkwe kutoka juu kibarazani, nyembamba, inatetemeka. "Nani amebisha huko?"

Jua lilipotoka nikaenda kutazama pale. Udongo ulikuwa laini, ungeshika hata ukucha wa kuku. Palikuwa na umande, hapakuwa na alama yoyote. Nilisimama nikaita jina lake, la marehemu, mara moja tu na kwa sauti ya chini, kisha nikaogopa kusubiri jibu nikaondoka.

Mchana ule tukiwa mezani nilimwambia binti yangu mbele ya bibi yake: rudisha mguu wako. Sitaki tena timu, sitaki mkoa, rudisha mguu wako. Mtoto akaacha kula. Akasema alishajaribu, pale uani, nilipokuwa nimeshuka kutazama alama. Akainuka atuoneshe. Akasimama, akageuza bega, akautoa mguu wa kushoto. Ukatua mara moja. Akajaribu tena, sasa anaulazimisha, akagonga mara mbili kama mtu anayeua mende. Hata mimi ningemwambia ule si wenyewe.

"Haupo, mama," akasema, na machozi yanamtoka. "Umekwenda."

Mama mkwe aliniangalia. Hakunirudishia swali lake, na ningeshukuru kama angenirudishia, nikapata wa kugombana naye.

Siku ya kuchaguliwa timu ilikuwa ya ukungu pia, hapa hapa mjini. Kocha wa mkoa alikuja na jaketi zito na filimbi, analalamikia baridi yetu. Kabla hatujaingia uwanjani nilimwambia binti yangu kwamba kama hataki, tunarudi nyumbani sasa hivi, hakuna atakayemlaumu. Akanitazama kama nimemwambia tumuuze mbuzi wa bibi. "Nataka kucheza, mama," akasema. Basi nikaenda kukaa kwenye benchi la walimu, mikono imeganda.

Besi ya kwanza ilionekana kwa shida, kama kitambaa kilichosahauliwa. Mpira ukapigwa, ukaja kwake chini, wenye kasi. Akaudaka. Na kabla hajautoa mkono nikasikia, kushoto kwake kidogo, kwenye nyasi tupu: pa-pa.

Kocha akapuliza filimbi. "Nani anapiga miguu huko? Nidhamu uwanjani!"

Lakini binti yangu alikuwa ameshapata alichokingoja. Besi ya kwanza mwenzake alikuwa anamwita kwa sauti, na yeye akarusha kufuata sauti ile. Mguu ulitua mara moja. Nyonga, bega, kiwiko, vidole. Mpira ukaingia ndani ya ukungu, tukausikia ukilipuka kwenye glavu upande wa pili, na mkimbiaji alikuwa hajafika hata nusu ya njia. Walimu kwenye benchi walisema "aisee" kwa pamoja. Mtoto wangu hakubisha. Alibishiwa.

Alichaguliwa. Niliketi kwenye nyasi zilizolowa na sketi yangu nzuri, nikalia, na watu wakanipongeza, wakidhani ni furaha. Furaha ilikuwepo, sikatai.

Sasa yuko kambini Dodoma na timu. Hunipigia simu jioni wakishakula. Ananiambia huko ni jua na vumbi, ukungu hakuna, chakula ni wali kila siku. Nikamuuliza bega linaendeleaje, akasema haliumi kabisa. Nikamuuliza kama kuna kingine.

"Kila nikitaka kurusha kuna mtu anapiga mguu," akasema. "Wenzangu wanadhani ni mimi. Mwanzoni niliogopa. Sasa nimezoea, mama. Siku asipopiga ndiyo nitaogopa."

Nikamwambia sala zake asisahau, na avae sweta.

Jumamosi hizi napanda mimi kumlindia mama mkwe shamba. Huwa nateremka kwenye ukungu, napita kaburi, nasimama pale pale tuliposimama. Mabua yakivunjika napiga mguu wangu wa kushoto, pa-pa, mguu wa Kichaga usiojua kazi hiyo, lakini napiga. Nyani wanabweka, wanakimbia, ninarusha. Kisha nageukia upande wa kushoto na kusubiri. Hakuna kitu. Nasubiri tena, kuna siku hadi mama mkwe ananiita chai inapoa. Hakuna. Ameondoka na mtoto.

Nafurahi, Mungu anajua. Hakuna dereva ninayemwamini na mtoto wangu kuliko yule. Lakini Jumamosi iliyopita nilishindwa kujizuia, nikaenda kusimama kwenye vigae vyake, jiwe bado mkononi, nikamwambia ukweli wake. Nikamwambia, wewe mtu, umeondoka tena bila kuniaga. Mara ya pili hii. Sawa, nenda naye, mlinde, mfikishe na umrudishe. Ila mkirudi, pitia na kwangu ubishe, hata mara moja tu. Usiogope kuniamsha. Silali sana siku hizi.